Kabati la chupa kutoka Kibuye, baada ya misimu miwili ya joto la Kisumu

Bei kwanza, maana ndilo swali la kila anayeliona: nililipa shilingi 18,500, mbao, ufundi na mkokoteni wa kulifikisha nyumbani vyote ndani yake. Linabeba chupa 24 za wiski zikiwa zimesimama. Limetengenezwa na seremala mmoja wa soko la Kibuye kwa mchoro niliouchora mwenyewe, na limekaa kwangu tangu Januari ya mwaka jana. Limeshapita Februari mbili, na mtu wa Kisumu anajua Februari ni nini.

Mimi ni mfamasia, nina kemisti upande wa Kondele. Nusu ya kazi yangu ni kulinda vitu visiharibiwe na joto. Insulini inakaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, vidonge vingi chini ya nyuzi 30, vingine chini ya 25, na kuna daftari la halijoto tunalojaza asubuhi na jioni bila kukosa. Ndiyo maana linaniuma mpaka leo kwamba kwa miaka 18 niliweka chupa ya wiski juu ya kabati la nguo chumbani kwangu, karibu kabisa na mabati, na sikuwahi kuiwazia hata siku moja.

Chupa hiyo aliileta marehemu kaka yangu kutoka Uingereza mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Wiski ya malti ya Uskochi, ndani ya kopo lake. Alisema ifunguliwe kijana akitimiza miaka 18. Kaka alitangulia kabla ya siku hiyo, kwa hiyo ilipofika nilitaka kila kitu kiende alivyotaka yeye.

Tulikuwa watu tisa sebuleni. Shemeji yangu, mke wa marehemu, ndiye aliyepewa heshima ya kuifungua. Alipoitoa kwenye kopo na kuiinua dirishani nikaona kwanza kiwango: wiski iliyokuwa imefika shingoni sasa ilikuwa chini ya mabega ya chupa, na ile karatasi inayofunika kizibo ilikuwa nzima, haijaguswa na mtu. Akakizungusha kizibo taratibu. Kikaenda robo, kikalia kama kuni kavu, halafu kichwa chake cha mbao kikabaki mkononi mwa shemeji na sehemu ya chini, iliyo ya gome la mti, ikakwama shingoni. Tulijaribu kuitoa kwa skurubu. Ikaporomoka. Vipande vya rangi ya kahawa vikaelea juu ya wiski ya kaka yangu, na vingine vilivyokuwa unga vikashuka polepole mpaka chini.

Tukaichuja kwa chujio la chai na kitambaa safi. Harufu ilikuwa imekwenda. Kilichobaki ni ukali kidogo wa pombe na ladha ya mbao iliyolowa. “Tutainywa hivyo hivyo, shemeji,” akaniambia, “ni yake.” Tukainywa.

Usiku ule sikulala. Nilirudi kwenye yale niliyosoma chuoni, nikapiga hesabu. Wiski ya asilimia 40 ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40 huongezeka ujazo kama asilimia moja na nusu. Kwa mzinga wa mililita 750 hizo ni mililita 11 hivi, zaidi ya vijiko viwili vya dawa ya maji. Hazina pa kwenda ila kuibana hewa iliyo shingoni, na hewa hiyo nayo imeshavimba kwa joto lile lile, na mvuke wa pombe umeongezeka juu yake. Kizibo kinasukumwa mchana kutwa. Usiku chupa ikipoa inavuta hewa ya nje. Mchana inatoa pumzi, usiku inavuta, na kwa miaka 18 hizo ni pumzi zaidi ya 6,500. Kila pumzi inaondoka na pombe kidogo na harufu kidogo, na inaingiza hewa inayoendelea kuila ile iliyobaki. Kule dukani naliona jambo hili kila siku kwenye chupa za plastiki za spiriti ya vidonda: zile za karibu na mlango, ikifika saa tisa alasiri zimevimba tumbo.

Kwa hiyo adui mkubwa, kwa maoni yangu, ni kupanda na kushuka. Nyuzi 27 zinazokaa palepale mwaka mzima zitaitunza chupa vizuri kuliko chumba cha nyuzi 20 usiku na 38 mchana. Adui wa pili ni jua lenyewe, linalofifisha rangi na kuvunja vile vitu vyepesi vinavyobeba harufu. Wapo wanaoniambia joto linaikomaza wiski. Hilo ni kweli ndani ya pipa, ambako pombe inaingia na kutoka kwenye mbao. Uskochi pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka, sehemu wanayoiita fungu la malaika, na Bangalore kule India, wanakotengeneza wiski ya Amrut, hasara hiyo hupita asilimia 10 kwa sababu ya joto, na wiski hukomaa haraka. Lakini chupa ni kioo. Kioo hakina cha kuipa wiski. Ya miaka 12 ikikaa kwako miaka 18 bado ni ya miaka 12, na ukiiweka vibaya si hata hiyo tena.

Baada ya msiba ule wa chupa nilikimbilia friji. Nilinunua ile ndogo yenye mlango wa kioo inayouzwa kwa ajili ya mvinyo, shilingi 32,000. Jina la kampuni silitaji, maana kasoro kubwa haikuwa ya kampuni: chombo chenyewe kimeundwa kwa kinywaji kingine. Rafu zake zinailaza chupa. Mvinyo hulazwa ili kizibo kisikauke, lakini wiski ukiilaza, pombe yake kali inashinda inakitafuna kizibo mpaka kinalegea na kuacha ladha yake ndani. Wiski husimama, siku zote. Halafu stima ikipotea, na huku kwetu inapotea, friji inapanda kutoka 12 hadi 27, stima ikirudi inashuka tena, na tayari nimerudi kwenye pumzi zile zile nilizozikimbia, safari hii kwa pesa. Hewa ya ziwa ina unyevu mwingi. Kila nilipofungua mlango chupa zilitoka jasho, na baada ya miezi minne lebo mbili zilikuwa zimebanduka na moja imeota kuvu. Niliiuza kwa hasara.

Ndipo nikaenda Kibuye. Nilimkuta fundi anapiga randa mlango wa mtu mwingine. Nikampa mchoro.

“Sitaki kioo, fundi.”

“Daktari, bila kioo wageni wataonaje chupa?”

“Sitaki zionekane. Hata jua sitaki lizione.”

Akaiweka randa chini, akautazama mchoro upya. “Basi unataka ghala,” akasema, na kuanzia hapo tukaelewana. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mbao zikishaendelea kukauka zitaacha nyufa na mwanga utapita, kwa hiyo akazichonga kingo ziingiane, ulimi wa ubao mmoja ndani ya mfereji wa mwingine. Hilo halikuwa kwenye mchoro wangu na ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mpaka leo ukiwasha tochi ndani na kufunga milango, huoni hata uzi wa mwanga kutoka nje.

Lilivyo ni hivi. Nje ni mbao za saipresi, ndani plaiwudi, na katikati yake kuna nafasi ya sentimita mbili na nusu iliyojazwa lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya katoni za televisheni. Povu nililikusanya mwenyewe kutoka kwa wauza vifaa vya umeme, bure. Milango miwili, na kuizunguka kuna mpira wa mlango wa friji iliyokufa, niliouchukua kwa fundi wa mafriji kwa shilingi 400. Miguu ni ya sentimita 10 ili maji ya kupigia deki yasiguse mbao. Rafu mbili, chupa 12 kila moja.

Mahali pa kuliweka ni nusu ya kazi, na sitaki mtu alinunue kisha aliegemeze kwenye ukuta wa jua. Sisi hapa Kisumu tuko kwenye ikweta, kibao chake kiko pale Maseno, mwendo mfupi tu. Jua letu linakaa kaskazini kuanzia Machi hadi Septemba na kusini miezi mingine, kwa hiyo kuta hizo mbili zinapokezana. Ukuta wa magharibi hauna likizo. Kila alasiri, mwaka mzima, unapigwa, na joto lake linaingia ndani usiku wakati nyinyi mmelala. Kabati langu liko koridoni, kwenye ukuta wa ndani usiogusa nje, mbali na jiko, na liko chini sakafuni kwa sababu joto linapanda juu kwenye mabati.

Sasa vipimo, maana bila vipimo haya yangekuwa maneno tu. Nina vipimajoto vinavyohifadhi kiwango cha juu na cha chini, vya kazini. Niliviweka sehemu tatu kwa wiki mbili za Februari. Juu ya kabati la nguo, mahali ilipokaa chupa ya kaka, kiwango cha juu kilikuwa nyuzi 38.4 na cha chini 22.1. Niliposoma namba ile nilikaa kitandani. Sebuleni kwenye rafu ya televisheni, 33 na 23. Ndani ya kabati la Kibuye, 28.6 na 25.2. Tofauti ya nyuzi 16 imekuwa ya nyuzi tatu na nusu, bila waya wala stima.

Jambo moja nililijifunza kwa kujaribu. Kabati likiwa tupu, kiwango cha juu kilifika 30.9. Nilipojaza nafasi kwa chupa za maji ya kawaida, kikashuka. Kitu kizito chenye maji ni kigumu kupashwa na kigumu kupozwa, na ndani ya boksi lililofungwa kinatuliza kila kitu kilichokizunguka. Kwa hiyo ukiwa na chupa tano tu za wiski, usiache nafasi 19 zikiwa hewa tupu. Jaza chupa za maji. Mimi nina wiski 14 na maji 10.

Kasoro zipo, na nitazisema bila kumwonea fundi aibu kwa sababu nilimwambia mwenyewe uso kwa uso. Aliahidi wiki moja, akamaliza ya tatu. Alipaka vanishi mpaka ndani, jambo ambalo sikumwagiza, na harufu yake ilikuwa kali mno. Niliacha milango wazi wiki nne na bakuli la mkaa ndani kabla ya kuingiza chupa hata moja. Ukiagiza, mwambie ndani asipake chochote, msasa unatosha. Skurubu za bawaba ya kushoto zililegea mwezi wa sita, mlango ukaanza kuinama na mpira ukawa haubani vizuri. Alikuja akaweka ndefu zaidi, hakunitoza. Rafu ya juu ni fupi. Chupa zile ndefu zenye vizibo vya kuchomoa hazisimami pale, na nililazimika kuzipanga zote chini, huku juu nikaweka zile fupi na Jameson, ambayo ina kifuniko cha kuzungusha na haina shida yoyote ya kizibo. Pia halikuwa na kufuli. Nina watoto wengine wawili nyumbani, kwa hiyo hilo lilikuwa kosa langu la kwanza kurekebisha.

Tangu Januari ile ninaweka alama ya kalamu kwenye lebo, upande wa nyuma, palipo na kiwango cha wiski. Chupa zote 13 ambazo hazijafunguliwa hazijashuka hata kwa unene wa ukucha. Mara moja kila miezi miwili naiinamisha kila yenye kizibo cha kuchomoa, sekunde chache tu, kizibo kilowe, kisha naisimamisha. Ya 14 imefunguliwa na imeshuka chini ya nusu, nayo nimeihamishia kwenye chupa ndogo ya dawa ya kioo cheusi, safi, mpya, ijae mpaka juu isiwe na hewa. Hewa nyingi ndani ya chupa iliyobaki robo inaimaliza harufu kwa miezi, hata kwenye kabati zuri.

Kuhusu baridi, watu wananiuliza sana, hasa shemeji zangu wanaopenda kuiweka chupa kwenye friza. Hilo halinitishi. Wiski ya asilimia 40 haigandi mpaka karibu nyuzi 27 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani inaishia kwenye 18 chini ya sifuri. Itakuwa nzito kama sharubati, na harufu italala mpaka ipate joto tena. Ile ambayo haikuchujwa kwa baridi kiwandani inaweza kuingia ukungu mweupe. Ni mafuta yake yenyewe yanayojikusanya, na ukiiacha mezani ukungu mara nyingi unaondoka.

Chupa za Ernest Shackleton, yule mpelelezi wa Antaktika, ndizo zinazonituliza roho kabisa upande huo. Katika msafara wake wa Nimrod wa 1907 hadi 1909 aliacha makreti ya wiski ya Mackinlay chini ya kibanda chake pale Cape Royds, Antaktika. Yalikaa kwenye barafu miaka 100. Mwaka 2010 yakachimbuliwa, na kreti moja likapelekwa Canterbury Museum mjini Christchurch, New Zealand, likayeyushwa polepole. Ndani kulikuwa na wiski, bado kimiminika, ya asilimia 47.3, na Richard Paterson, mchanganyaji mkuu wa wiski wa kampuni ya Whyte & Mackay, aliichunguza kwa makini akaweza kuitengeneza upya mwaka uliofuata. Miaka 100 ya giza na baridi isiyokwisha, na harufu ilikuwepo. Yangu ilikaa 18 chini ya mabati.

Niseme pia kuhusu mahali tunaponunua, kwa sababu kabati haliwezi kuponya chupa iliyokuja mgonjwa. Kuna duka la vileo mjini ambalo dirisha lake linatazama magharibi, na wiski za bei ghali ndizo zimepangwa dirishani ili zivutie macho. Nilinunua moja pale kabla sijajua. Lebo ya mbele ilikuwa imepauka, ya nyuma bado nyekundu. Siku hizi nageuza kila chupa nilinganishe pande zote mbili, naangalia kiwango shingoni nikiilinganisha na jirani yake, naangalia stempu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na naomba iliyo ndani ya katoni huko nyuma ya duka badala ya ile ya dirishani. Muuzaji mwenye subira hakatai. Na mtu akikutumia chupa kwa basi kutoka Nairobi, mwambie aifunge kwa nguo nzito na aombe isiwekwe karibu na injini. Moja ilinifikia ikiwa ya moto mkononi, kizibo kimepanda nusu sentimita na katoni imelowa. Niliiacha ipoe kwanza gizani siku nzima ndipo nikakisukuma kizibo chini.

Dada yangu anakaa Nakuru, kwenye nyumba ya mawe yenye dari, mwinuko wa kama mita 1,850, na usiku wao wanajifunika blanketi mbili. Aliliona kabati langu akalitaka. Nilimpa kipimajoto kwanza. Sehemu ya chini ya kabati lake la nguo ilisoma 18 na 21 kwa wiki nzima. Nikamwambia asitumie hata shilingi. Akunje blanketi kuukuu, aweke chupa nyuma yake, afunge mlango. Kabati hili ni la watu wa chini huku, Kisumu, Ahero, Bondo, Busia, wanaoishi chini ya mabati bila dari.

Nimeagiza la pili, dogo la chupa 12, kwa ajili ya shemeji. Litakuwa na rafu moja tu, ndani bila vanishi, na kufuli tangu mwanzo. Fundi ameniambia shilingi 11,000 na nimemwekea 5,000. Ukienda kwake, nenda siku ya kazi asubuhi, maana Jumapili Kibuye inafurika na hutapata nafasi ya kuzungumza. Beba chupa yako iliyo ndefu kuliko zote, aipime kwa mkono wake.